Mabosi wawili, bolti nne

Nafanya kazi ya ukaguzi kwenye kiwanda cha vipuri vya ndege huku jimbo la Washington, na watu wakijua hivyo swali la kwanza huwa ni ndege inaundwaje. Mimi kinachoninyima usingizi ni jinsi watu wanavyopangwa, maana kazi huharibikia pale inapotoka mkono mmoja kuingia mwingine.

Kampuni kubwa za ndege na silaha, injinia anakuwa na mabosi wawili. Kuna idara yake, tuseme ya bodi (kiwiliwili cha ndege) au ya umeme, hiyo ndiyo inamfundisha na kumpandisha cheo, halafu kuna mradi, mfano ndege ya kivita ya F-35 kule Fort Worth, Texas, huo ndio wenye hela na ndio unaompa kazi ya leo. Wanaita matriksi. Faida yake mradi ukiisha idara inaweza kukuhamishia mwingine na ujuzi wako haupotei, ila mradi unataka haraka, idara inataka utaratibu, na wewe uko katikati yao.

Kwa ndugu zetu wanaotafuta kazi hizi Marekani, jueni upande wa silaha kuna sheria inaitwa ITAR, inayobana nani aone teknolojia ya silaha, ukiwa na green card inakuruhusu kuona michoro yao, lakini kibali cha kazi za siri kwa kawaida ni cha raia tu, na hata ukishakipata unaonyeshwa kile tu kinachohusu kazi yako.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1943 kule Burbank, California, Kelly Johnson, injinia wa kampuni ya ndege ya Lockheed, alijifungia na kikundi kidogo cha mainjinia na mafundi, wachoraji wakawa jirani kabisa na wanaokata bati, wakatoa ndege ya jeti ya XP-80 kwa siku 143. Ndio mwanzo wa Skunk Works, kitengo cha Lockheed cha miradi ya siri. Alishikilia sana kwamba idadi ya watu kwenye mradi ibanwe kwelikweli, na mimi naona alikuwa sahihi, kila mtu unayemuongeza unaongeza na makabidhiano.

Sasa angalia ile ndege ya abiria ya Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines, tarehe 5 Januari 2024, kizibo cha mlango, yaani kipande kinachoziba nafasi ya mlango usiotumika, kiling'oka angani muda mfupi baada ya kuruka Portland, ndani watu 177, Mungu saidia hakuna aliyekufa. Bodi lilitengenezwa Wichita na Spirit AeroSystems, lilipofika kiwanda cha Boeing pale Renton likakutwa na riveti (misumari ya kuunganisha mabati) mbovu, wa kuzirekebisha walikuwa mafundi wa Spirit waliowekwa palepale Renton, lakini ili wazifikie ilibidi watu wa Boeing wafungue kile kizibo. Bolti nne zinazokishikilia zikatolewa. Hakuna aliyeandika kwenye mfumo wa kumbukumbu za kazi kwamba zimetolewa, kwa hiyo mfumo haukumdai mtu yeyote kuzirudisha wala haukumuita inspekta. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za ndege, walikuta timu ya milango ina watu 24, aliyewahi kufungua kizibo kama kile ni mmoja tu, na siku hizo alikuwa likizo! Hiyo inaniuma mpaka leo, ujuzi wote mmeuweka kwenye kichwa cha mtu mmoja halafu yeye hayupo.

Kwetu kila fundi ana muhuri wenye namba yake, na kila kifaa kina kitanda chake kwenye sponji ya droo, spana moja isipoonekana zamu haitoki, tunatafuta wote hata kama ni saa saba usiku na watoto wanasubiri nyumbani. Bolti ikitoka inaandikwa kwanza, inaingia mfuko wenye lebo nyekundu, mfuko unafungwa palepale ilipotoka. Fundi wa zamu ya asubuhi hata kama hajui kilichofanyika jana ataukuta unaning'inia. Na mimi sigongi muhuri wangu mpaka mfuko uwe mtupu na nimeziona bolti kwa macho yangu, zote na kotapini zake, vile vipini vinavyozuia nati isifunguke.