Wiki 8 za fildi, siku 28 za zege

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo injinia, naomba nafasi ya fildi." Barua za utambulisho zinafuata, zimegongwa mhuri wa chuo, na karibu zote zinasema kitu kilekile: mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, mafunzo kwa vitendo, wiki 8. Wachache sana wanauliza swali ambalo mimi ningeanza nalo: katika wiki hizo 8, saiti yenu itakuwa inafanya nini?

Nasema hivyo kwa sababu zege lina kalenda yake. Tunapolimwaga, tunajaza pia boksi ndogo za chuma zenye milimita 150 kila upande. Kinachotoka humo tunakiita kyubu. Kesho yake kyubu zinatolewa kwenye boksi na kuzamishwa majini. Kwa kawaida chache zinavunjwa kwa mashine siku ya 7, zege likiwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake, na zilizobaki siku ya 28, ambayo ndiyo ya kusema limefaulu au limefeli. Sasa piga hesabu. Wiki 8 ni siku 56. Zege la wiki ya nne utaliona likivunjwa. La wiki ya sita utaliacha ndani ya pipa la maji, uende ukaandike ripoti bila kujua kama ulisimamia zege au uji.

Mimi mwenyewe fildi yangu ya kwanza ilipita kivulini. Nilipangiwa ofisi moja mjini, na wiki tano za mwanzo kazi yangu ilikuwa kutoa kopi za michoro na kuagiza chai. Logbuku, daftari la kuandika kila siku ulichofanya, niliijaza Ijumaa jioni, siku tano kwa mkupuo: "Nilishiriki kusoma michoro." Msimamizi kutoka chuoni alikuja mara moja, akakaa robo saa, akasaini. Nikapata A. Ndiyo maana mwanafunzi akiniletea logbuku safi, isiyo na hata doa la simenti, mwandiko mmoja na peni moja toka mwanzo hadi mwisho, huwa sihitaji kuisoma.

Mwaka juzi nilikuwa na binti wa mwaka wa pili. Jumamosi hiyo tulikuwa tunamwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, zege linachanganywa palepale saiti na kupandishwa kwa karai. Nikampa koni ya slampu. Kwa asiyeijua, ni koni ya bati yenye urefu wa milimita 300, wazi juu na chini. Unaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha unaiinua taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Siku ile tulitaka lishuke kati ya milimita 50 na 100. Lake likashuka 160.

"Nimekosea kupima, injinia," akasema. Akaosha koni, akarudia. 155. Akarudia tena. 165. Alikuwa anajishuku yeye, zege hakulishuku hata kidogo. Huo ni ugonjwa wa darasani: kule jibu lisipofanana na la kitabu, mwenye kosa ni mwanafunzi siku zote.

Nikasimamisha kazi na kumwambia aiache koni, akasimame kwenye mashine, asipime kitu, aangalie tu wakichanganya mzunguko mmoja. Akaangalia. Boksi za mchanga ni zilezile za jana, ndoo za maji ni zilezile za jana. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameanza kuhesabu mifuko ya simenti ndipo saidia fundi mmoja, anayeleta mchanga kwa toroli, alipompita na kumwambia bila hata kugeuka: "Mchanga umenyeshewa usiku, dada."

Basi, ni hilo. Mchanga ulikuja na maji yake, sisi tukauongezea mengine. Na swali la kupunguza maji kulingana na unyevu wa mchanga alikuwa amelikuta kwenye mtihani muhula uliotangulia, akalipata lote! Ila kwenye mtihani unyevu unaandikiwa: asilimia 5. Saiti hakuna anayekuandikia. Unaukamata mchanga, unaubana kiganjani, unaangalia kama utabaki donge au utamwagika.

Tukapunguza maji, slampu ikarudi 85. Zege la mwanzo halikupanda juu, tulisakafia nalo njia ya kwendea stoo. Lakini kabla halijabebwa nilimwambia ajaze kyubu tatu kutoka humo, na tatu nyingine kutoka kwenye zege zuri, azitie alama zisichanganyike.

Jioni nikaiomba logbuku yake. Ilisema: "Leo tumemwaga slabu na kupima slampu." Nikamrudishia. Mara ya pili ilikuja nusu ukurasa: mvua ya usiku, 160, 155, 165, ndoo zilizopunguzwa, 85, na jina la aliyemwambia kuhusu mchanga. Hilo la jina nililitaka mimi, kwa sababu wiki ijayo atataka kujua udongo wa chini ya msingi ulikuwaje, na anayejua si mimi, ni aliyeuchimba.

Kuchanganya darasa na kazi si jambo jipya. Mwaka 1906 Herman Schneider, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianza na wanafunzi 27 waliopokezana wiki darasani, wiki kiwandani. Kinachonivutia ni hiyo wiki. Swali la Alhamisi kiwandani lilimfikia mwalimu Jumatatu likiwa bado la moto. Sisi tunawapeleka vijana kwa mkupuo mmoja likizo ndefu, na chuo kikifunguliwa maswali yameshapoa, imebaki ripoti, ambayo nayo wengine wanaichota kwa waliotangulia. Ratiba za vyuo sina uwezo nazo. Ndiyo sababu nakazania logbuku, angalau iwe friji ya maswali.

Kuhusu kupata nafasi sina mengi. Wengi wanakimbilia kampuni zenye majina, halafu wanaishia kwenye kopi na chai kama mimi. Mkandarasi mdogo mwenye mashine moja ya zege na jengo la ghorofa mbili anaweza kukupa koni siku ya pili. Mpigie kabla ya kupeleka barua, muulize msingi umefika wapi na slabu inamwagwa lini. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo kwa wanaostahili, lakini usilipangie matumizi kabla halijaingia. Tafuta saiti unayofika kwa daladala moja. Asubuhi msalimie foromani kabla yangu. Mimi nitakupa maelezo, ila yeye ndiye anayeamua utasimama wapi zege likimwagwa. Na kama unafikiri logbuku inaishia chuoni, ujue Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa SEAP kwa wahitimu, miaka 3 ya kuandika ulichofanya na kusainiwa. Bora mkono uzoee sasa.

Yule binti slabu yake ilimwagwa wiki ya tano. Siku ya 28 ikaangukia Jumamosi ya wiki ya tisa, fildi imekwisha, logbuku imeshagongwa mhuri. Nilijua hatutaonana tena. Saa tatu asubuhi nikamkuta getini, kofia ngumu mkononi.

Tukazitoa kyubu majini. Zege lilitakiwa kufikia nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Mashine inasoma kilonyutoni, na uso wa kyubu una milimita za mraba 22,500, kwa hiyo kila namba unaigawa kwa 22.5, na nilimwachia agawe mwenyewe kwenye simu yake. Ya kwanza ya zege zuri ilivunjika kwenye 642. Ya kwanza ya zege la mchanga mbichi ilivunjika kwenye 428, na mbili zilizofuata hazikuwa mbali na hapo. Akafungua logbuku, akaandika chini ya mhuri: 28.5. 19.0.

Kisha akauliza yule wa toroli yuko wapi, alitaka amwonyeshe. Alikuwa ameshahamia saiti nyingine.