Kugawa anwani kwa makundi katika DHCP: dhana potofu na ukweli

Mifano hapa ni ya dhcpd ya ISC, programu inayogawa anwani za IP kwa vifaa vya mtandao kwa njia ya DHCP, ambayo bado iko kwenye seva nyingi ingawa matengenezo yake yalisitishwa mwaka 2022 na nafasi yake kuchukuliwa na Kea, programu mpya ya ISC hiyo hiyo.

Dhana: Ukiandika `group`, umeunda kundi lenye anwani zake.

Hapana. `group` hukusanya mipangilio inayofanana tu, kwa mfano `host` (kifaa kimoja kilichotajwa) kumi zinazotumia ruta moja. Kinachotambua kifaa ni `class`. Kinachotoa anwani ni `pool`, yaani fungu la anwani.

Dhana: `allow` ikishawekwa, kundi limefungiwa kwenye fungu lake.

Hili ndilo kosa linalosumbua kuliko yote, kwa sababu seva haitoi onyo lolote. `allow` huzuia wengine wasiingie. Haizuii wenyewe wasitoke. `pool` isiyo na `allow` wala `deny` iko wazi kwa kila kifaa, kwa hiyo simu inaweza kupata 192.168.10.57 leo na 192.168.10.142 wiki ijayo. Funga pande zote mbili:

```
class "simu" {
  match if substring(hardware,1,3) = 00:11:22;
}
subnet 192.168.10.0 netmask 255.255.255.0 {
  pool {
    allow members of "simu";
    range 192.168.10.50 192.168.10.99;
  }
  pool {
    deny members of "simu";
    range 192.168.10.100 192.168.10.199;
  }
}
```

Angalia ile 1 ndani ya `substring`. Baiti namba 0 ya `hardware` ni aina ya mtandao (Ethaneti ni 1), na MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kifaa) huanzia baiti inayofuata. Ukiweka 0, faili litapita ukaguzi lakini hakuna simu itakayolingana. Ndiyo maana pia `subclass` (kifaa kimoja kinachotajwa chini ya `class`) ya `match hardware` huandikwa `1:00:11:22:33:44:55`.

Dhana: MAC haibadiliki, na kugawa makundi ni ulinzi.

Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu kwa kawaida hutumia MAC ya kubuni kwenye Wi-Fi. Utaijua kwa tarakimu yake ya pili: 2, 6, A au E. Pale kifaa kinapojitaja chenyewe, kama PXEClient (kompyuta inayowaka kupitia mtandao) kwenye opsheni 60 ya ombi la DHCP, linganisha hiyo. Lakini yeyote anaweza kujiwekea anwani kwa mkono, na makundi yaliyo kwenye sabuneti moja yanaonana. Ukitaka kuyatenganisha kweli, tumia VLAN, yaani mitandao iliyotengwa kwenye swichi ile ile.

Dhana: `fixed-address` (anwani ya kudumu ya kifaa kimoja) inaweza kukaa ndani ya `range`.

dhcpd haiiondoi anwani hiyo kwenye fungu. Inaweza kuikopesha kifaa kingine. Iweke nje.

Dhana: Ukiwasha upya seva, kila kifaa huhamia kundi lake.

Kifaa hubaki na anwani yake, na hujaribu kuihuisha nusu ya muda wa mkopo (muda kinaoruhusiwa kutumia anwani) ikifika. Mkopo wa sekunde 86400 maana yake ni kusubiri kwa muda wa hadi saa 12. Siku moja kabla ya mabadiliko, shusha `default-lease-time` hadi sekunde 600, na `max-lease-time` pia, kwani kifaa kinaweza kuomba muda mrefu zaidi. Kagua kwa `dhcpd -t -cf /etc/dhcp/dhcpd.conf` kabla ya kuwasha upya.

Kisha soma logi. Ukiona `no free leases` ilhali anwani nyingi ziko wazi, usikimbilie kuongeza `range`: huenda kifaa hicho hakiruhusiwi na `pool` yoyote yenye nafasi.