Umechaguliwa vyuo viwili: Posta au Nyegezi?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, vijana huanza kunifuata ofisini kwangu hapa Mtwara mjini. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu kubwa ni vitabu vya hesabu vya AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, za wakulima wa korosho. Lakini kwetu Wamakonde mjomba ndiye anayeulizwa mambo ya shule, na wapwa ninao wengi. Safari hii alikuja mmoja kutoka Newala, simu mkononi. Amesoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Amechaguliwa IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichopo Posta, Dar es Salaam, kusoma Shahada ya Uhasibu, na SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichopo Nyegezi, Mwanza, kusoma Shahada ya Utawala wa Biashara. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanamtaka athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri waliyomtumia, na zimebaki siku nne.

"Shikamoo mjomba. Niende wapi?"

"Marahaba mama. Kwanza fungua daftari."

Alikuwa ameshaanza kulinganisha miji: Dar kuna bahari na ndugu, Mwanza kuna ziwa na maisha nafuu. Nikamwambia miji tuiweke pembeni kwanza, tusome kozi. Majina ya shahada hizi mbili yanafanana kwa mtu aliye nje, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Shahada ya uhasibu inakuzamisha: uhasibu wa fedha, uhasibu wa gharama, ukaguzi, kodi, tena na tena mpaka mwaka wa tatu. Utawala wa biashara unakutembeza: masoko, rasilimali watu, sheria ya biashara, fedha, ujasiriamali, halafu ndipo unapochagua upande wa kuegemea. IFM iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 mahususi kwa mambo ya fedha. SAUT ni chuo kikuu cha Baraza la Maaskofu Katoliki, kilichokua kutoka taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanza Nyegezi mwaka 1960, na humo mwanafunzi wa biashara anasoma jirani na wa sheria na wa uandishi wa habari. Hakuna kibaya hapo. Swali ni unataka kuwa nani.

Mpwa wangu anataka CPA, yaani kuwa mhasibu aliyethibitishwa na Bodi. Alilisema hilo bila kusita, na kwangu hapo nusu ya kazi ilikwisha. Mitihani ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi, NBAA, ina ngazi ya msingi, ya kati na ya mwisho, na pa kuanzia panategemea ulichosoma chuoni. Bodi inatazama masomo yaliyomo kwenye cheti chako. Ukubwa wa jengo la chuo au umaarufu wa jiji havimo kwenye hesabu yao. Mwenye shahada ya uhasibu anaingilia juu zaidi kuliko aliyesoma biashara kwa upana bila kuegemea uhasibu.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Nilipomaliza shule nilichagua chuo kwa kutazama mji, nikasoma kozi yenye jina zuri, nikahitimu na GPA nzuri. Nilipokwenda kujisajili Bodi nikakuta masomo yangu mengi hayahesabiki. Nilirudi kukalia karatasi za chini, kila Mei na Novemba, huku wenzangu niliohitimu nao wameshafika mwisho. Hakuna mtu aliyekuwa amenionyesha mtalaa. Ndiyo maana kila kijana anayekuja kwangu namwambia alete orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, na tunaisoma mstari kwa mstari.

Baada ya hapo tukarudi kwenye miji, sasa kwa hesabu. Ana mkopo wa Bodi ya Mikopo. Fedha ya chakula na malazi, bumu lenyewe, ni shilingi 10,000 kwa siku, na kiwango hicho ni kilekile uwe Dar uwe Mwanza. Kwa siku 60 ni laki sita. Tukachora safu mbili kwenye daftari. IFM ipo Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya jiji, jirani na Makumbusho ya Taifa, na vyumba vya bei ya mwanafunzi havipo hapo. Wengi wanapanga Kigamboni na kuvuka kwa pantoni, shilingi 200 kwenda na 200 kurudi, kisha wanatembea kwa miguu. Geto, chumba cha kupanga, aliloulizia huko lilikuwa elfu 50 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo. Piga hesabu: laki tatu, nusu ya bumu la kwanza imeondoka kabla hajanunua godoro. Mwanza alipata bei ya chini kidogo, na chumba ni mwendo wa miguu kutoka chuoni, huko Nyegezi. Hapo Mwanza ilishinda.

Ikashindwa kwenye nauli. Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, basi la siku moja. Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 nyingine juu ya hizo. Na sisi watu wa kusini tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyoleta mafuriko yakakata barabara kule Somanga. Mtoto aliye mbali akikwama, lazima awe na akiba ya kulala njiani. Tukaongeza mstari wa dharura kwenye safu zote mbili, wa Mwanza ukawa mrefu zaidi.

Jambo ambalo wazazi hawaliulizi kabisa ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Dar kuna makao makuu ya mabenki, kampuni za ukaguzi na bandari, ila vyuo vyote vya jiji vinagombania nafasi hizohizo. Mwanza kuna viwanda vya sangara na wafanyabiashara wanaohudumia migodi ya Geita. Mimi ushauri wangu ni tofauti: fildi moja ifanyike nyumbani. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu 2007, yaani inakusanywa ghalani kwa risiti kisha inauzwa mnadani, na tangu 2024 minada imehamia kwenye mfumo wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Kila kilo ina karatasi: ya AMCOS, ya ghala, ya malipo ya mkulima. Mwanafunzi akilinganisha karatasi hizo tatu kwa mwezi mmoja, akaona tofauti ya kilo kumi na mbili ilikotokea, ameielewa kazi ya ukaguzi kwa vidole vyake. Wakaguzi wa COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, wakija, atajua wanatafuta nini.

Angekuwa anataka kufungua duka la jumla Masasi au kusimamia biashara ya familia, ningemwambia aende Nyegezi, na ningesema hivyo kwa moyo mweupe.

Jioni ya siku ya tatu alinipigia: amethibitisha IFM. Sasa tunatafuta wa kugawana naye chumba Kigamboni, ili ile laki tatu iwe laki moja na nusu, na nimeshazungumza na mwenyekiti wa AMCOS ya kijijini kwao kuhusu nafasi ya fildi.