Je, Wajua Kwa Nini Rangi ya Vipuri vya Alumini vya Baiskeli Haitoki kwa Tina?

Katika miaka ya 1990, baiskeli za milimani zilipokuwa zimeshika kasi, watu walipenda vipuri vya alumini vyenye rangi kali: habu nyekundu, usukani wa zambarau, mikono ya pedeli ya bluu. Vingi vya vipuri hivyo bado vipo barabarani, lakini jua limevipausha, na zambarau ya zamani sasa ni kijivu kisichopendeza. Mwenye baiskeli akitaka kuirudisha alumini kwenye weupe wake, kwanza hujaribu tina, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Haitoki. Hujaribu petroli, kisha dawa ya kutolea rangi ya magari. Haitoki pia, wala haichubuki kwa kucha.

Sababu ni kwamba rangi hiyo haikupakwa juu ya chuma. Imo ndani ya ngozi ambayo alumini yenyewe imeiotesha.

Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo ndio unaoizuia isiliwe na hewa. Mwaka 1923 Waingereza Bengough na Stuart walibuni njia ya kuunenepesha kwa umeme ili kukinga sehemu za ndege za majini zisiharibiwe na chumvi ya bahari, na mwaka 1927 ikaja hataza ya kutumia tindikali ya salfa, ambayo ndiyo iliyoenea. Kipuri hutumbukizwa ndani ya tindikali, kikaunganishwa kwenye upande chanya wa umeme, yaani anodi, ndiyo maana kazi hii huitwa anodaizi. Oksijeni huungana na alumini, na utando unakua hadi mikromita 5 au hata 25 (mikromita moja ni nanomita elfu moja).

Utando huo una vitundu vingi vilivyojipanga kama masega ya nyuki, vidogo mno kuonekana kwa macho. Hapo ndipo rangi inapoingia. Kipuri kikishanyonya rangi, huchemshwa majini. Oksidi inanywa maji, inavimba, na vitundu vinajifunga. Tina haina njia tena ya kuifikia rangi. Mwanga wa jua, hata hivyo, hupenya na kuzivunja taratibu molekuli za rangi, ndiyo maana kipuri hupauka bila kubanduka.

Msasa nao hupata shida. Oksidi ya alumini ndiyo madini yanayounda yakuti, na msasa mwingi wa dukani umetengenezwa kwa oksidi hiyo hiyo. Ukisugua kwa nguvu utafanikiwa kwenye sehemu bapa, lakini kwenye pembe na mikunjo utaacha mabaka ya rangi na kuichimba alumini laini iliyo chini.

Kinachofanya kazi ni kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni na ya kuzibulia mabomba. Oksidi ya alumini ina tabia isiyo ya kawaida: huyeyuka katika tindikali kali na huyeyuka pia katika alkali kali. Katikati, kwa pH (kipimo cha ukali wa tindikali au alkali) ya takriban 4 hadi 8.5, imetulia, na kwa hiyo mvua na jasho la mikono haviisumbui sana. Mafundi wa madirisha wanalijua hili kwa vitendo, maana hufunika fremu za alumini kabla ya plasta kupigwa: saruji mbichi ni alkali, na ikikauka juu ya fremu huacha doa lisilofutika. Wanaochemsha makande kwa magadi nao wameona sufuria zao zikifanya weusi.

Kostiki soda ikiila oksidi, rangi haina tena pa kushikilia, inaondoka na maji. Tatizo ni kwamba dawa hiyo haisimami hapo. Utando ukiisha, inaanza kuila alumini yenyewe, na hapo hutoka gesi ya haidrojeni pamoja na joto. Oksidi inapoyeyuka haitoi gesi. Povu hutoka pale tu dawa inapogusa chuma kitupu. Povu likianza kidogo kwenye kingo, kazi imekaribia. Likichemka kipuri kizima, kitoe mara moja.

Yeyote anayefanya hivi afanye nje, mbali na moto na sigara, kwa ndoo ya plastiki. Kamwe asitumie sufuria ya alumini, kwa sababu nayo italiwa. Soda inatiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya soda, kwani yanaweza kuchemka na kuruka. Glavu ndefu na miwani ya kinga si mapambo: tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Likigusa ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu.

Kabla ya hapo ondoa beringi, plastiki na grisi yote. Kumbuka pia kwamba utando uliota kwa kuila alumini, sehemu yake kubwa ikiwa imezama ndani ya kipuri. Ukiuondoa, kipuri kinabaki chembamba kidogo kuliko mwanzo. Kwenye sehemu isiyo na nyuzi za skrubu hilo si kitu, lakini kwenye nyuzi za kufungia pedeli linaweza kuleta ulegevu, kwa hiyo nyuzi hazipaswi kuguswa na dawa.

Baada ya kusuuza, usishtuke ukiona kipuri kimefunikwa na masizi meusi. Hayo ni mabaki ya shaba na madini mengine yaliyochanganywa na alumini, ambayo kostiki haiyayeyushi. Aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) ya namba 7075, yenye shaba ya asilimia 1.2 hadi 2, huacha weusi mwingi kuliko aloi ya 6061. Viwandani huutoa kwa tindikali ya naitriki; nyumbani, kusugua kwa brashi na kisha kung'arisha kwa dawa ya metali kunatosha.

Kwa maoni yangu, kazi hii ifanywe kwenye vipuri visivyobeba uhai wa mtu: kofia za vali, vibano vya kiti, spesa (pete za kujazia nafasi). Usukani na shina lake nisingeyagusa, maana dawa ikichimba mahali pamoja kwa dakika chache za ziada, inaacha vishimo ambamo ufa unaweza kuanzia. Mikono ya pedeli yenye uwazi ndani nayo iachwe, kwa kuwa dawa ikinaswa humo itaendelea kula bila mtu kuona. Na anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja afahamu kuwa alumini isiyo na anodaizi hufifia upesi kwa upepo wa chumvi. Itahitaji kupakwa nta na kung'arishwa mara kwa mara, au kurudishwa kwa fundi wa anodaizi ikavishwe ngozi mpya.