Mabao ya mshambuliaji mstaafu: hesabu kutofautiana si lazima udanganyifu

Wengi huamini kwamba mshambuliaji wa Afrika aliyestaafu akitajiwa idadi tofauti za mabao ya timu ya taifa, basi kuna aliyemwongezea. Mara nyingi kinachotofautiana ni namna ya kuhesabu. Mechi za kirafiki kati ya timu za taifa za wakubwa huhesabiwa. Dhidi ya klabu, hapana. Vivyo hivyo Olimpiki ya wanaume, ambayo tangu 1992 ni ya vijana. Penalti za kuamua mshindi baada ya dakika 120 nazo hazimo, hata ile iliyoleta kombe (inauma, lakini ndivyo).

Ukitaka kuhakiki, iache jumla. Tafuta orodha ya mechi moja moja yenye tarehe, mpinzani na mashindano, uhesabu mwenyewe. Mechi za zamani zilinganishe na magazeti ya siku iliyofuata.