Kikumbusho cha miadi kwa SMS: maana yake ndani ya mfumo wa rekodi za wagonjwa

Kwenye vituo vya afya vya huku Kisumu, mgonjwa anayetakiwa kurudi huandikiwa herufi tatu kwenye kadi, TCA, na tarehe mbele yake. Ni ufupisho wa Kiingereza wenye maana kwamba aje tena siku hiyo. Wagonjwa hawazijali herufi. Wao husema tu "tarehe yangu ya kliniki". Tarehe hiyo ndiyo miadi. Kikumbusho cha miadi ni ujumbe mfupi wa simu ambao mfumo wa rekodi unautunga na kuutuma wenyewe, siku moja au mbili kabla ya tarehe hiyo, bila mtu kuketi kuuandika.

Hapo kwenye "bila mtu" ndipo pa kutulia kidogo. Muuguzi akishika simu yake akawaandikia wagonjwa kumi wa kesho, amewakumbusha, tena vizuri kuliko mashine yoyote, kwa sababu anawajua. Anajua kwamba mama wa Nyalenda simu yake iliibwa na siku hizi hupatikana kwa ya dada yake. Anajua kwamba mvuvi wa Dunga aliye kwenye omena hukesha ziwani na hulala hadi mchana. Mfumo haujui lolote kati ya hayo. Unajua kilichojazwa kwenye rekodi, basi. Ndiyo maana wenzangu wa rekodi wakiniuliza namna ya "kuwasha SMS", huwa naomba kwanza tufungue orodha ya wagonjwa tuhesabu wangapi wana namba ya simu, na ni ngapi kati ya namba hizo zilizokamilika tarakimu zake.

Upande huu wa nchi haukuanza jana na rekodi za kompyuta. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilikuwa na mfumo wake tangu 2001, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kazi hiyo ni sehemu ya mizizi ya OpenMRS, programu huria iliyoanza 2004 na ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo wengi wetu tunaikuta mezani tunapoajiriwa, imejengwa juu ya OpenMRS hiyo hiyo.

Ndani ya programu ya namna hii, kikumbusho ni safari fupi. Kuna jedwali la miadi. Kila siku, saa iliyopangwa, kazi ya ratiba huamka, hulipitia jedwali na kuuliza: nani ana miadi kesho kutwa, ana namba ya simu, na amekubali kutumiwa ujumbe? Kwa kila anayepatikana huchukua kiolezo, yaani ujumbe ulioachiwa mapengo, na kuyajaza mapengo hayo tarehe na saa zilizo kwenye rekodi. Kisha huukabidhi ujumbe kwa lango la SMS, kampuni inayopokea jumbe kwa intaneti na kuziingiza kwenye mitandao ya simu. Lango hurudisha taarifa: ujumbe umefika, umekwama, au namba haipo. Taarifa hiyo isipoandikwa kwenye rekodi ya mgonjwa, kituo kitabaki kinaamini kwamba kila aliyetumiwa alisoma.

Neno "huamka" si la kupamba. Vituo vingi vidogo seva yao, yaani mashine inayoubeba mfumo, ni kompyuta ya kawaida iliyowekwa chini ya meza, na saa kumi na moja jioni anayefunga ofisi huzima kila kitu, na hafanyi kosa. Umeme una gharama. Kazi ya ratiba ikiwa imepangiwa saa nane usiku, itakuwa inapangiwa muda ambao kompyuta imelala. Hakuna tangazo la hitilafu litakalojitokeza, kwa maana hakuna kilichojaribiwa kikashindwa. Ipangeni saa nne asubuhi, kompyuta ikiwa macho na watu wapo. Vile vile intaneti ikikatika siku tatu, jumbe hujipanga foleni, na ikirudi zote hutoka kwa mkupuo, hata za miadi iliyokwisha kupita. Programu nyingi za jumbe zina mahali pa kuweka muda wa ujumbe kuisha. Pajazwe.

Sasa saa. Hili ndilo lililonifanya nijifunze kazi hii upya.

Kwenye kituo kimoja nilichosaidia, kiolezo kiliandikwa kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Miadi yako ni tarehe fulani saa fulani." Mfumo ulikuwa na miadi ya 09:00, ukaijaza kama ulivyoihifadhi. Mama mmoja akapata ujumbe uliosema "saa 09:00". Yeye ni msomaji wa Kiswahili, na kwa Kiswahili hiyo ni saa tisa. Alifika saa tisa alasiri na mtoto mgongoni, baada ya matatu mawili kutoka pande za Ahero, na maabara ilikuwa imeshaacha kupokea sampuli za siku. Hakuna aliyekosea kusoma. Aliyeandika kiolezo alifikiri kwa saa ya kompyuta, inayohesabu kuanzia usiku wa manane. Aliyesoma alifikiri kwa saa yetu, inayohesabu kuanzia kuchwa na kupambazuka kwa jua. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya saa sita, ndiyo asubuhi nzima ya mtu.

Tiba yake ni ndogo. Mwenye uwezo wa kugusa programu aitake iondoe sita kwenye saa kabla ya kuijaza, kisha iongeze sehemu ya siku, ili 09:00 iwe "saa tatu asubuhi". Asiye na uwezo huo aondoe pengo la saa kabisa na kuandika "asubuhi" au "mchana". Kwa kliniki ambazo watu huhudumiwa kwa foleni, "asubuhi" ndiyo kweli yenyewe, na saa kamili ni ahadi isiyotimizwa.

Tarehe nayo ina mtego kama huo. Programu iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 04/03 inaweza kuwa 3 Aprili huku mgonjwa akiisoma 4 Machi. Andikeni jina la siku na jina la mwezi. Watu wetu hukumbuka siku kuliko tarehe hata hivyo: Alhamisi inaeleweka, ndiyo siku inayofuata ile Jumatano aliyopanga kwenda sokoni.

Ujumbe tuliofikia mwishoni ni huu: "Habari. Kumbuka miadi yako Alhamisi 3 Aprili, saa tatu asubuhi. Ukishindwa kufika, jibu 2 tukupangie siku nyingine." Ni herufi 115 ukihesabu na nafasi. SMS moja hubeba 160, kwa hiyo inatosha na inalipiwa mara moja. Kiswahili kina bahati hapa, kwa kuwa hakina herufi zenye alama juu. Lakini kuna alama moja ndogo inayotushika sisi wa magharibi: kibainishi cha ng'. Kiolezo kikiandikwa kwenye programu ya kuandikia barua kisha kikanakiliwa, kibainishi kilichonyooka hugeuzwa kuwa kilichopinda, na hicho kilichopinda hakimo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za SMS. Ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo mwingine wa herufi ambako SMS moja hubeba 70 tu. Hapo ujumbe wa herufi 115 unakuwa SMS mbili na gharama yake inakuwa mara mbili, kwa ajili ya kinukta kimoja kwenye jina la mahali kama Ng'iya au Rang'ala. Tuliona bili imepanda na tukakaa wiki nzima tukiitafuta sababu. Andika kiolezo moja kwa moja ndani ya mfumo, kwa kibainishi kilichonyooka.

Hilo la "jibu 2" nalo lina sharti. Jumbe zinazoonyesha jina la herufi mahali pa namba ya mtumaji haziwezi kujibiwa. Mgonjwa ataandika 2, simu itakataa, naye ataona hatutaki kumsikiliza. Kama mnataka majibu, lazima mlipie namba fupi inayopokea, na awepo mtu wa kuyasoma kila siku. Kama huyo mtu hayupo, ni heshima zaidi kuondoa sentensi hiyo. Faida ya kusikiliza imeonekana hapa Kenya: utafiti wa WelTel, uliochapishwa 2010 na kufanyika Nairobi na Kajiado, uliwatumia wagonjwa wa ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, neno moja kila wiki, "Mambo?", nao wakajibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu.

Karibu nasi zaidi, Chulaimbo, kwenye barabara ya kwenda Busia, ulifanyika utafiti uliochapishwa 2011 wa watu wazima 431 waliokuwa wakitumia ARV. Haukuhusu miadi, ulihusu kumeza dawa, na washiriki walipewa simu, kwa hiyo usiuchukue mzima mzima. Katika majuma 48, waliopata ujumbe mara moja kwa wiki waliofikia angalau asilimia 90 ya dozi zao walikuwa 53 katika kila 100, dhidi ya 40 kwa wasiotumiwa kitu. Waliotumiwa kila siku hawakufanya vizuri kuliko wasiotumiwa. Nikisoma hilo naona sababu ya kutowabandika watu vikumbusho vinne kwa miadi moja. Kimoja siku mbili kabla, basi. Labda kingine asubuhi yenyewe kwa anayetoka mbali.

Nimeliweka nyuma jambo la siri kwa sababu linagusa yote yaliyotangulia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini hata bila sheria, kila mtu huku anajua simu inavyokaa nyumbani. Iko mezani, mtoto anachezea, mume anaitazama, jirani ameiazima apige. Ujumbe usitaje ugonjwa, usitaje dawa, usitaje jina la kliniki. Na hapa wengi huteleza: wanasafisha maneno ya ujumbe, kisha wanaacha jina la mtumaji, linalotokea juu kabisa ya skrini, likisema yote. Ridhaa iulizwe uso kwa uso, mlango ukiwa umefungwa, na iandikwe kwenye rekodi pamoja na tarehe. Swali zuri kuliko "Unakubali kutumiwa SMS?" ni "Simu hii nani mwingine huishika?" Mtu akisita kujibu, weka "hapana" na umwandikie tarehe kwenye kadi yake kama zamani.

Kabla ya kumtumia mgonjwa yeyote, tumieni wiki moja kutumiana wenyewe kwa wenyewe. Sajilini wafanyakazi kama wagonjwa wa majaribio, wapeni miadi, kisha someni jumbe kwenye simu za kabambe, zenye skrini ndogo, maana ndizo wagonjwa wengi walizo nazo. Namba ziwe zimeandikwa kwa mtindo ambao lango linautaka, 254 mbele badala ya sifuri, na mjaribu hata zile mpya zinazoanza na 01, ambazo baadhi ya mifumo ya zamani huzikataa ikidhani zimekosewa.

Kwetu, siku ya tatu ya majaribio, mwenzetu wa maabara alipata kikumbusho cha miadi ya Jumapili. Kliniki haifunguliwi Jumapili. Tulipofuatilia tukakuta kitufe cha "baada ya siku 30", ambacho kila mtu alikuwa akikibonyeza kwa mazoea, na siku 30 hazigawanyiki kwa saba. Aliyekuja Ijumaa hurudishwa Jumapili. Wagonjwa walikuwa wakipewa tarehe hizo kwenye kadi muda wote, nao kwa kimya chao wakichagua wenyewe kuja Jumatatu, na sisi tukiwahesabu kuwa wamekosa. Tulibadilisha 30 kuwa 28. Sasa mtu wa Ijumaa anarudi Ijumaa, na aliyepewa dawa za siku 30 anafika akiwa bado na za siku mbili mfukoni.