Goti haliumi, miezi sita imetimia: je, amepona?

Kwenye viwanja vya Mwanza, kuanzia Nyamagana hadi mchangani kando ya ziwa, wengi huamini kwamba aliyepandikiziwa ligamenti ya goti (utepe unaoshikanisha mifupa ya goti, ule unaokatika mchezaji akigeuka ghafla) yuko tayari akifikisha miezi 6 bila maumivu. Si imani ya ajabu. Goti halijavimba na mtu anakimbia. Ila maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi, na ligamenti mpya huendelea kukomaa kwa miezi mingi. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau miezi 9, kisha kupimwa.

Kipimo kimoja kinahitaji futikamba tu, mfiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) akisharuhusu kuruka. Mchezaji aruke mbele kwa mguu mmoja, atue kwa uleule, atulie sekunde 2. Mara 3 kila mguu. Chukua mruko mrefu zaidi. Mguu wa pili sentimita 150, uliopasuliwa 120? Hiyo ni asilimia 80, na kinachotafutwa ni 90 kwenda juu. Tazama pia goti linapotua: likiangukia ndani, bado, hata namba zikipendeza. Na namba zenyewe hudanganya, maana mguu usioumia nao hulegea kwa kukaa benchi. Ndiyo sababu nguvu ya misuli ya paja hupimwa kivyake.